Matunzo ya Mtoto: Njia ya Kuyadai na Wajibu wa Wakubwa wa Vijiji

Wahenga walisema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Neno hili hutajwa sana arusini, lakini uzito wake hupimwa siku wazazi wawili wanapoachana, au siku mwanamume anapoikana mimba aliyoitia. Siku hiyo mtoto hana kosa lo lote, wala hana sauti ya kujitetea, na njaa yake haingoji shauri likatwe.

Tumeona ya kuwa watu wengi wa mashamba hawajui sawasawa jambo hili lianzie wapi na lishie wapi. Wako wanaodhani ya kuwa matunzo ni hisani ya baba, aitoe akitaka, aizuie akikasirika. Wako wanaodhani ni mshahara wa mama, hata akiolewa na mume mwingine umekwisha. Na wako wanaodhani ya kuwa mama akishapata hukumu, Serikali itamfuata yule baba yenyewe na kuleta fedha mlangoni. Dhana zote tatu si za kweli, na kila moja imewaumiza watoto. Kwa hiyo yatupasa kuieleza njia yote, hatua kwa hatua, ili machifu na wazee wa ukoo, watendaji wa vijiji, waalimu na wote wajuao kusoma waweze kuwaongoza wenzao. Tunayoyasema hapa ni ya Tanzania Bara. Zanzibar wanayo Sheria yao ya Watoto, iliyotungwa mwaka wa 2011.

SHERIA ILIVYOKUWA NA ILIVYO SASA

Mwaka wa 1949, katika siku za utawala wa Waingereza, Tanganyika ilitungiwa sheria juu ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa. Kwa sheria ile neno la mama peke yake halikutosha. Ilimpasa kuleta ushahidi mwingine wa kulitia nguvu. Na hata akishinda, hakimu hakuweza kuamuru zaidi ya shilingi 100 kwa mwezi. Mwaka wa 1949 shilingi mia ilikuwa fedha ya maana. Lakini miaka ilipita, bei za vitu zikapanda, na kile kiasi kikabaki vile vile katika kitabu cha sheria, hata mwisho wake shilingi mia haikutosha kununua mkate mmoja. Mtoto alikuwa na haki iliyoandikwa, lakini haki hiyo haikumshibisha.

Mwaka wa 1971 ilitungwa Sheria ya Ndoa, nayo ilisema wazi ya kuwa ni wajibu wa baba kuwatunza watoto wake, wakae naye au wakae kwa mtu mwingine. Baba akiwa amekufa, au hajulikani aliko, au hana uwezo, wajibu huo humwangukia mama. Kisha mwaka wa 2009 ikatungwa Sheria ya Mtoto, Namba 21. Sheria hii ndiyo iliyoifuta ile ya mwaka wa 1949, pamoja na kikomo chake cha shilingi mia. Kwa sheria hii mtoto ni kila mtu asiyetimiza miaka 18, wala haiulizwi kama wazazi wake walioana ama hawakuoana.

Vitu ambavyo mzazi humwia mtoto wake vimetajwa katika sheria: chakula, mahali pa kukaa, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na maongozi, na nafasi ya kucheza na kupumzika. Yafaa waalimu waangalie neno la elimu. Ni kweli ya kuwa tangu mwaka wa 2016 watoto wa shule za msingi, na wa sekondari hata kidato cha nne, hawatozwi ada katika shule za Serikali. Lakini kuondolewa kwa ada hakukuondoa gharama ya sare, viatu, madaftari na chakula. Baba asemaye, "Shule ni bure, nitoe fedha ya nini?" hajasema neno la haki.

HATUA YA KWANZA NI KIJIJINI

Watu wengi husikia neno sheria wakaiona mahakama tu. Sivyo. Sheria ya Mtoto imeweka wajibu wa kumlinda mtoto juu ya serikali za mitaa, yaani halmashauri pamoja na kata na vijiji vyake. Tena imesema ya kuwa mtu ye yote katika jamii, akijua ya kuwa haki ya mtoto inavunjwa, au ya kuwa mzazi mwenye uwezo anamnyima mtoto chakula, nyumba, matibabu au elimu, ni wajibu wake kupeleka habari kwa serikali ya mahali pale. Basi mwalimu amwonaye mwanafunzi akisinzia kwa njaa kila siku, naye ajua ya kuwa baba yake ana duka, mwalimu huyo si mdaku akitoa habari. Anatimiza wajibu.

Habari ikifika, Afisa wa Ustawi wa Jamii aweza kumwita yule anayelalamikiwa, wakazungumza, na uamuzi ukafanywa kwa kuangalia faida ya mtoto. Mashauri mengi huweza kwisha hapa, bila nauli ya kwenda mjini na bila uadui wa kudumu. Asiyetii uamuzi huo, afisa hulipeleka jambo lake mahakamani.

Lakini twaonya ya kuwa mapatano yasiyoandikwa ni kama maji yaliyomwagwa mchangani. Baba husema mbele ya wazee, "Nitatoa nikipata," watu wakapiga makofi, wakaenda zao. Baada ya miezi mitatu hakuna akumbukaye kiasi, wala siku, wala kama alipata au hakupata. Mapatano mema husema: kiasi gani, siku gani ya mwezi, kwa mkono au kwa simu, nani atanunua sare na madaftari, nani atalipa mtoto akilazwa hospitali, na kama baba ni mkulima, atatoa nini wakati wa mavuno na nini wakati wa kiangazi. Yaandikwe katika nakala tatu, watie sahihi au dole gumba wote wawili pamoja na mashahidi, nakala moja ibaki katika ofisi ya kijiji au ya ustawi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na matunzo ni mali ya mtoto.

MWANAMUME AKIKANA

Pengine mwanamume husema, "Mtoto huyu si wangu." Hapo matunzo hayawezi kuamriwa mpaka ijulikane baba ni nani. Mahakama huangalia mambo kadha wa kadha: jina lililoandikwa katika daftari la vizazi, kama yule mwanamume alifanya mambo ya mila yafanywayo na baba kwa mtoto wake, kama aliwahi kumkiri mtoto mbele ya watu, na kipimo cha vinasaba. Tena kukataa kupimwa, mahakama ikiisha kuamuru, ni jambo liwezalo kuhesabiwa juu ya mkataaji.

Kipimo cha vinasaba hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya mwaka wa 2009. Mtu hawezi kwenda mwenyewe na mtoto mkononi akapimwa kama apimwavyo homa. Maombi hayana budi kupitia kwa wale walioruhusiwa na sheria, kama mahakama au Afisa wa Ustawi wa Jamii. Kwa hiyo asidanganyike mtu na wale wauzao majibu ya vinasaba vichochoroni.

Wazazi wengi huchelewa kuwaandikisha watoto, na huko ni kumpunguzia mtoto silaha yake. Cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, kilichopatikana wakati wa amani, huondoa ubishi mwingi wakati wa vita.

MBELE YA HAKIMU

Maombi ya matunzo husikilizwa katika Mahakama ya Watoto, ambamo huketi Hakimu Mkazi. Shauri haliendeshwi mbele ya umati wa watu, na Afisa wa Ustawi wa Jamii huwa na kazi ndani yake, kwa maana mahakama yaweza kumtaka achunguze maisha ya mtoto na ya wazazi na kuleta taarifa. Awezaye kuomba si mama peke yake. Baba amleaye mtoto aweza kumdai mama mwenye uwezo. Mlezi, kama bibi au mjomba, aweza kudai. Hata mtoto mwenyewe aweza, akisimamiwa na mtu mzima. Na Afisa wa Ustawi pia.

Hakimu hapimi kiasi kwa hasira ya mama wala kwa machozi ya baba. Sheria humtaka aangalie mapato na mali ya wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, gharama ya maisha mahali mtoto anapokaa, na haki za mtoto mwenyewe. Kwa hiyo hakuna kiasi kimoja kwa nchi nzima. Tuseme baba wa kwanza ni dereva mwenye mshahara, ana mtoto mmoja; baba wa pili ni mvuvi wa ziwani, ana watoto watano kwa wake wawili. Hawa hawawezi kuamriwa sawa. Lakini yule mvuvi asidhani ya kuwa umaskini umemfungua. Huamriwa kidogo, naye hulipa kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Basi mdai aje na nini? Aje na hesabu. Chakula cha wiki ni kiasi gani, sare kiasi gani, dawa kiasi gani. Aje na cheti cha kuzaliwa, au kadi ya kliniki kama cheti hakijapatikana. Aje na mashahidi wajuao kazi ya mdaiwa: ana pikipiki ngapi, mashine ya kusaga iko wapi, shamba lake ni ekari ngapi, mwajiri wake ni nani. Hakimu hawezi kuyajua mapato ya mtu aishiye maili mia kutoka mahakamani, ila ameambiwa na waliomwona.

Amri hudumu mpaka mtoto atimize miaka 18, na mahakama yaweza kuirefusha kama angali anasoma au anajifunza kazi. Tena amri si jiwe. Baba akifukuzwa kazi, au akiugua, arudi kwa hakimu aombe kipunguzwe. Na mama, bei zikipanda au mtoto akiingia sekondari, aweza kuomba kiongezwe. Neno lisiloruhusiwa ni mtu kujipunguzia mwenyewe kwa kunyamaza.

AMRI ISIPOTIIWA

Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa, nasi hatutaki kuwaficha ukweli. Nchi nyingine zimeweka idara maalum ya kukusanya fedha hizi. Uingereza ilianza mwaka wa 1993, na idara hiyo yaweza kumwamuru mwajiri akate fedha katika mshahara wa mzazi asiyelipa. Kwetu hakuna idara ya namna hiyo. Amri ya hakimu haitembei peke yake; hutembea mdai anaporudi mahakamani na kusema, "Bwana Hakimu, amri yako haikutiiwa."

Akirudi hivyo, mahakama ina mikono ya kutosha. Yaweza kuamuru mapato ya mdaiwa yashikwe, mwajiri akakata kila mwezi kabla mshahara haujafika mfukoni. Yaweza kuamuru mali yake ishikwe na kuuzwa. Tena kumtelekeza mtoto ni kosa la jinai: Sheria ya Mtoto imeweka adhabu ya faini au kifungo kwa mzazi avunjaye wajibu wake, na Kanuni ya Adhabu, iliyoanza kutumika mwaka wa 1945, imelitaja kosa la mzazi mwenye uwezo amwachaye mtoto mdogo bila riziki.

Walakini twaona ya kuwa kifungo ni dawa kali. Baba aliye gerezani halimi wala havui. Ndiyo sababu mahakimu hutafuta kwanza mshahara, kisha mali. Mwenye mshahara hana pa kukimbilia. Shida ni ya yule asiye na mwajiri, aendaye leo machimboni, kesho mjini, akabadili namba ya simu. Mtu wa namna hii hawezi kufikiwa ila kwa wajuao aliko, na wajuao ni ndugu zake na wakubwa wa kijiji chake. Ukoo umfichao mtoro wa matunzo wamficha mtu anayeidhulumu damu yao wenyewe.

Kila malipo yawe na alama. Alipaye kwa simu ahifadhi ujumbe. Alipaye kwa mkono adai stakabadhi au atie sahihi katika daftari. Jambo hili humlinda baba mwema kama limlindavyo mtoto, kwa maana wako wanaume waliolipa miaka mingi kwa mkono, wakasimama mbele ya hakimu bila karatasi hata moja ya kuonyesha.

MAMBO YASIYOFAA

Kwanza, haifai mama kumzuia mtoto asimwone baba kwa sababu hajalipa, wala haifai baba kuacha kulipa kwa sababu hajamwona mtoto. Sheria humpa mtoto ambaye wazazi wake wametengana haki ya kutunzwa na haki ya kumtembelea yule asiyekaa naye. Haki hizi mbili ni za mtoto. Wazazi wasizifanye bidhaa za kubadilishana sokoni.

Pili, kuna usemi ulioenea ya kuwa mtoto akitimiza miaka 7 ni lazima arudi kwa baba. Sheria haisemi hivyo. Inasema ya kuwa mtoto wa chini ya miaka 7 hudhaniwa ni heri akae na mama yake, ila ikithibitika vinginevyo. Baada ya umri huo huangaliwa faida ya mtoto. Kwa hiyo baba asikae kimya miaka saba, kisha akaja kuchukua kijana aliyekwisha kulelewa na jasho la wengine, akadai ya kuwa ndivyo sheria ilivyo.

Tatu, na hili ni zito kuliko yote. Msichana wa chini ya miaka 18 akipewa mimba, jambo hilo si shauri la matunzo peke yake, ni jinai. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka wa 2016, ampaye mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari hufungwa miaka 30. Wazee wawili wakikaa chini ya mwembe wakapokea ng'ombe au fedha ili jambo liishe, hawakulimaliza. Wamelificha, nao wenyewe wamejitia hatarini. Shauri lipelekwe polisi, katika Dawati la Jinsia na Watoto, na matunzo ya mtoto atakayezaliwa yadaiwe kwa njia yake. Tena tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua huruhusiwa kurudi shuleni. Mwalimu na amwambie hivyo, maana wengi hukaa nyumbani kwa kutokujua tu.

WAJIBU WA WAKUBWA NA WAALIMU

Amri za kiserikali za machifu zilikoma mwaka wa 1963, lakini neno la chifu na la mzee wa ukoo lingali linasikilizwa pale ambapo barua ya mahakama husomwa mara moja ikatupwa. Nguvu hiyo itumiwe kwa mtoto. Mzee akimwambia kijana mbele ya ndugu zake, "Lipa, usituaibishe," aweza kufanya katika siku moja jambo ambalo mahakama ingelifanya katika miezi mingi. Lakini asikate shauri kwa kupima ni ukoo upi ulio mkubwa, wala asimtake mama arudi kwa mume ampigaye ili mtoto apate chakula. Mtoto ana haki ya chakula, mama yake arudi asirudi.

Mtendaji wa kijiji naye awe na daftari la mapatano haya, ayaandike kwa tarehe, na asimtoze mama fedha ya kusikilizwa. Mwalimu awasomee haya wasiojua kusoma, amwandikie mwenye kuhitaji barua yake, na aeleze ya kuwa simu namba 116 hupigwa bila malipo kutoa habari ya mtoto anayeteswa au kutelekezwa.

Dawa ya deni ni kulipa. Deni la duka laweza kungoja mavuno, na la ng'ombe laweza kungoja mwaka. Deni la mtoto halingoji, kwa maana mtoto hakui mara mbili: mwaka alioukosa darasani, na mwezi aliolala na njaa, hapana hakimu awezaye kumrudishia. Kwa hiyo wote waliosikia habari hizi wasiseme, "Hayo ni ya watu wawili." Yaliyokuwa ya watu wawili yalikwisha siku mtoto alipozaliwa; tangu siku hiyo ni ya watu watatu, na yule wa tatu ndiye asiyeweza kuja barazani ila ameletwa nasi.